Kungoja Juji Katikati ya Kamina

Mazungumzo ya leo ni juu ya watu ambao karibu kila ukoo unao, ingawa hakuna ukoo unaowataja mbele ya wageni: watu walio buloko na bado hakuna juji aliyesema kwamba wana kosa.

Tuseme tena, maana hapo ndipo wengi wanapochanganya. Si wale waliokwisha kuhukumiwa, ambao wanajua mwaka wa kutoka. Ni wale wanaongoja. Wamekamatwa, wameandikwa, wamefungiwa, na kesi yao haijakwisha. Pengine haijaanza.

Kamina ni mji wa reli. Njia inayotoka Lubumbashi inafika hapa na kugawanyika: mkono mmoja unakwenda Kaniama, Mwene-Ditu hadi Ilebo, mwingine unaelekea Kabalo na Kalemie. Kwa hiyo mtu wa Kamina hafundishwi kungoja. Anaijua treni inayotangazwa kwa kesho, ikaingia juma lijalo. Lakini anayengoja treni anaweza kurudi nyumbani, akala bukari yake, akalala, akarudi stesheni asubuhi. Anayengoja juji ndani ya gereza anakula alicholetewa, na kama hakuletewa kitu, anangoja vungule.

Vungule inajulikana: mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, chakula cha magereza mengi ya Kongo, mara moja kwa siku, siku inapopatikana. Pesa za kulisha wafungwa zinatakiwa zitoke Kinshasa, na hazifiki kila mara. Makanisa yanasaidia. Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, ule watu wanaouita CICR, umesaidia lishe katika magereza kadhaa ya nchi kwa miaka mingi. Lakini msaada wa kila siku unatoka kwa mama, kwa dada, kwa mke: sombe kidogo, bukari iliyofungwa kwa kitambaa, sabuni nusu. Jambo hili la sufuria ya nyumbani tulishike, tutalirudia, kwa sababu linahusu hata mahali ambapo gereza linatakiwa kujengwa.

Basi swali la kwanza: kwa nini mtu ambaye hajahukumiwa awekwe ndani?

Katiba ya nchi, ile ya tarehe 18 Februari 2006, inajibu kwa kugeuza swali. Ibara ya 17 inasema uhuru ndio kanuni, kufungiwa ndiko jambo la pembeni. Tena inasema kila mtu anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itoke. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ni ya zamani zaidi, ni dikri ya tarehe 6 Agosti 1959, ya wakati wa Wabelgiji, nayo haiendi kinyume. Inataka ziwepo dalili nzito za kosa, na kosa lenyewe liwe la adhabu ya miezi sita au zaidi. Kwa makosa madogo kuliko hayo, lazima iwepo sababu ya ziada, kwa mfano hofu kwamba mtu atakimbia, au kwamba hajulikani ni nani.

Yaani hata Mbelgiji wa mwaka 1959, ambaye hakuwa na huruma nyingi kwa mtu mweusi, aliandika kwamba si kila mtu afungiwe.

Swali la pili ndilo kubwa: akifungiwa, ni kwa siku ngapi? Hapo tuchukue mfano. Ni mfano tu, hakuna anayetajwa. Kijana anakamatwa Jumatatu asubuhi sokoni, anasingiziwa au anadaiwa ameiba baiskeli. Polisi wanampeleka amigo, kile chumba cha kituo cha polisi. OPJ, yule afisa wa polisi mwenye ruhusa ya kuchunguza, anaandika maneno yake. Ibara ya 18 ya Katiba inampa OPJ saa 48. Si siku tano, si mpaka bwana mkubwa atakaporudi safari. Saa 48. Ina maana Jumatano asubuhi kijana ama anakwenda kwao, ama anapelekwa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, pamoja na dosye yake.

Ibara hiyohiyo inasema aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, na aelezwe kwa lugha anayoielewa. Hapa Kamina lugha hiyo inaweza kuwa Kiluba au Kiswahili. Karatasi ya Kifaransa anayotakiwa kuitia sahihi bila kusomewa haitoshi. Na ana haki ya kuijulisha familia yake au avoka, yaani wakili wake.

Sasa yuko parke. Mwendesha mashtaka anamhoji, na akiona kuna dalili nzito anaandika karatasi ya kumshika kwa muda, ile inayoitwa MAP. Hapo hesabu nyingine inaanza: siku tano. Ndani ya siku tano kijana lazima asimame mbele ya juji, ili juji, na si parke, aamue kama anabaki ndani. Sheria inaongeza maneno ambayo watu wa jimbo letu la Haut-Lomami wangefaa kuyajua kwa moyo: siku tano ni pale juji na mwendesha mashtaka wanapokaa katika mji mmoja. Kama juji yuko mbali, huongezwa muda wa safari tu, ule usioepukika.

Tusimame hapo kidogo. Sheria yenyewe imepima umbali. Ilijua kwamba mtu anayengoja anatakiwa awe karibu na juji.

Tuendelee na kijana wetu. Juji akikubali abaki, ruhusa yake ni ya siku 15. Zikiisha, juji anaweza kuongeza mwezi mmoja, halafu mwezi mwingine. Kwa kosa kama wizi wa kawaida, ambalo adhabu yake inaweza kufika miaka mitano, anaweza kuongeza mara tatu mfululizo. Baada ya mara ya tatu, hakuna tena kuongeza ndani ya chumba kilichofungwa mlango. Lazima iwe mbele ya watu, katika kikao cha wazi. Na sheria inasema wazi: ruhusa iliyoongezwa kinyume cha kanuni hizi inamfungulia mtu mlango mara moja.

Haya, tujumlishe pamoja. Saa 48 za amigo. Siku tano za MAP. Siku 15 za juji. Mwezi mara tatu. Hesabu hiyo haifiki miezi minne. Basi, msikilizaji, kama unamjua mtu aliyemaliza mwaka buloko kwa sababu ya baiskeli, bila juji kumwona, jua kwamba hapo kati kuna karatasi ambayo haikuandikwa, au iliyoandikwa bila yeye kupelekwa mahali popote.

Na watu wa namna hiyo si wachache. Ripoti za Umoja wa Mataifa na za watetezi wa haki za binadamu zimerudia mwaka baada ya mwaka kwamba katika magereza ya Kongo walio wengi ni wale ambao hawajahukumiwa. Magereza yetu, kwa kazi yake ya kila siku, ni nyumba za kungojea.

Wengine watasema: lakini dosye zinachelewa kwa sababu mahakama ni maskini, majuji ni wachache, karatasi hakuna, petroli hakuna. Ni kweli, na si uongo hata kidogo kusema kwamba mahakimu wengi wanafanya kazi katika hali ngumu. Lakini tuangalie mifano ambayo nchi nzima iliiona.

Mwaka 2020, Vital Kamerhe, mkurugenzi wa ofisi ya Rais wa Jamhuri, alikamatwa tarehe 8 Aprili na kupelekwa gereza la Makala, Kinshasa. Tarehe 11 Mei kesi ilianza. Tarehe 20 Juni hukumu ilitoka, miaka 20. Karibu miezi miwili na nusu tangu kukamatwa mpaka hukumu, tena kwa kesi ya mamilioni ya dola, yenye mashahidi, makampuni na karatasi za benki. Mahakama ilikaa ndani ya uwanja wa gereza lenyewe, na televisheni ya taifa ikaonyesha moja kwa moja. Baadaye adhabu ilipunguzwa, na Juni 2022 mahakama ikasema hana kosa. Kama hukumu ya kwanza ilikuwa nzuri au mbaya, hilo si la kipindi hiki. La kipindi hiki ni tarehe. Serikali ilipotaka, dosye ilitembea, na juji alikwenda gerezani kwa miguu yake.

Mfano wa pili unaumiza kwa namna nyingine. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa tarehe 8 Septemba 2023. Mawakili wake waliomba aachiliwe kwa muda huku kesi ikiendelea, walikataliwa. Alikaa Makala miezi sita. Machi 2024 mahakama ikatoa hukumu: miezi sita. Akatoka siku iliyofuata, maana alikuwa amekwisha kuimaliza. Je, kwa mtu wa namna hiyo, kungoja na adhabu vinatofautiana wapi? Alitumikia kwanza, akahukumiwa baadaye. Hesabu ya juji iliifuata hesabu ya mlinzi wa gereza. Na huyu alikuwa na jina, alikuwa na mawakili, magazeti ya dunia yaliandika. Alipotoka alionyesha video za jinsi watu wanavyolala Makala, mwili juu ya mwili, na nchi ikashtuka kana kwamba haikujua.

Mfano wa tatu ni wa waziri mwenyewe. Constant Mutamba alikuwa waziri wa sheria, mtu aliyesema kwa sauti kubwa kwamba magereza yamejaa na kwamba mahakimu ndio wanaoyajaza. Mwaka 2025 alishtakiwa kwa pesa, karibu dola milioni 19, zilizotengwa kujenga gereza Kisangani. Tarehe 2 Septemba mwaka huo Mahakama ya Kasasyo ilimhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu. Lakini angalieni: wakati wa uchunguzi hakulala Makala. Alikatazwa kutoka Kinshasa, basi. Wengine walikasirika kwa hilo. Kipindi hiki hakikasiriki. Hivyo ndivyo sheria inavyotaka: uhuru ndio kanuni, mtu angoje nyumbani kama hakuna hofu ya kukimbia. Kinachokasirisha ni kwamba kanuni iliyomtosha waziri wa dola milioni 19 haikumtosha kijana wa baiskeli.

Sasa turudi kwenye lile la sufuria na mahali.

Makala ilijengwa mwaka 1957 kwa watu 1,500. Mwaka 2024 ilikuwa na watu zaidi ya 14,000. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Septemba 2024 watu walijaribu kutoka. Serikali yenyewe ilitangaza wafu wasiopungua 129: 24 kwa risasi, wengi wa waliobaki kwa kukanyagana na kukosa hewa. Wanawake walibakwa. Tukumbuke tena: wengi wa waliokuwa ndani ya zile kuta hawakuwa wamehukumiwa.

Baada ya msiba huo yalitoka maneno mengi ya kujenga magereza mapya, na kila mara wazo linaloelea ni moja: magereza yatolewe katikati ya miji, yapelekwe mbali, penye ardhi kubwa. Ukilisikia hilo, linaonekana jema. Nani anataka gereza karibu na shule na soko? Gereza la Kasapa la Lubumbashi lilijengwa mwaka 1958 nje ya mji, na leo mji umelikimbilia hadi mlangoni.

Kwa mtu aliyehukumiwa miaka kumi, wazo hilo linaweza kuzungumzwa. Penye ardhi anaweza kulima, akala alichopanda. Kwa anayengoja juji, ni kosa. Gereza likienda kilomita thelathini, gari la kuwaleta mahakamani linahitaji petroli. Petroli ikikosekana, kikao kinaahirishwa. Kikiahirishwa, mwezi mwingine unaongezwa. Na mama mwenye sufuria, ambaye jana alitembea kwa miguu kutoka mtaani kwake hadi mlango wa gereza, leo anahitaji nauli ya pikipiki kwenda na kurudi. Atakwenda mara ngapi kwa juma? Avoka wa bure naye atakwenda mara ngapi?

Gereza kuu la Kamina limo mjini, parke imo mjini, mahakama zimo mjini, tangu Kamina ilipokuwa kichwa cha wilaya, na zaidi tangu mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa sehemu nne na Kamina ikawa mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami. Hilo la kuwa karibu ni mali. Anayelalamika kwamba gereza limebanana na mji aulize kwanza kwa nini dosye inachukua mwezi kupita kati ya majengo yaliyo katika mji mmoja.

Mkitaka mfano wa umbali, jirani zetu Waswahili wa pwani wanao. Masheikh wa kundi la Uamsho wa Zanzibar, akina Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem, walishtakiwa kwa ugaidi wakawekwa rumande Dar es Salaam, ng'ambo ya bahari, mbali na wake na watoto wao waliobaki kisiwani. Kesi haikufika hukumu. Juni 2021, baada ya miaka mingi, mashtaka yakafutwa, wakarudi kwao. Uganda iliona hatari hiyo ikaandika namba ndani ya Katiba yake: siku 60 kwa kesi za mahakama za chini, siku 180 kwa zile nzito za Mahakama Kuu, na zikipita kabla kesi haijaanza, au kwa zile nzito kabla haijapelekwa Mahakama Kuu, mtu apewe dhamana. Kongo ina namba zake, tumezihesabu sasa hivi. Zina nguvu zile zile kama kuna mtu wa kuzihesabu.

Na hapa nyumbani, ndani ya jimbo letu, ipo Kaniama-Kasese. Vijana wengi wa Kinshasa, wale wa magenge ya mtaani wanaoitwa kuluna, wameletwa huko kwenye kambi ya Service national chini ya Jenerali Jean-Pierre Kasongo Kabwik, kulima mahindi na kujifunza kazi. Mahindi yao yameonekana, na wapo waliofurahi. Swali lililoulizwa na watetezi wa haki za binadamu halijafutwa na mahindi: ni juji gani aliyewaona kabla ya safari? Mama wa Ngaba au wa Selembao hawezi kubeba sufuria hadi Kaniama.

Tuliseme na hili kwa haraka, maana saa inakwenda. Kanuni za dunia zinataka anayengoja asichanganywe na aliyehukumiwa. Mkataba wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1976, unasema hivyo. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopewa jina la Nelson Mandela mwaka 2015 zinaongeza mambo ya kawaida kabisa: anayengoja avae nguo zake, aruhusiwe chakula kutoka kwao, asilazimishwe kazi. Kongo nayo ilitunga sheria mpya ya magereza Juni 2023, kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1965. Lakini katika magereza yetu mengi chumba ni kimoja, na anayegawa mahali pa kulala ni kapita, mfungwa mwenzao, mara nyingi yule mwenye miaka mingi. Kijana wa baiskeli anaingia usiku wa kwanza, anaulizwa pesa ya mahali pa kuweka mgongo. Asiye nayo anasimama.

Watoto wasiwemo kabisa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ana mahakama yake, mahakama ya watoto, na aliye chini ya miaka 14 hahesabiwi kuwa na kosa la jinai. Ukimwona mtoto amigo pamoja na watu wazima, hapo hakuna cha kujadili.

Wapo pia watu ambao hawakutakiwa kupita hata mlango wa amigo. Wapo wa aina mbili, na kila mtaa unawajua.

Wa kwanza ni mwenye deni. Mtu alikopa makuta, alikopa gunia la mahindi, hakulipa. Mwenye mali anakwenda polisi, na mdaiwa analala amigo mpaka ndugu zake wauze mbuzi. Mkataba uleule wa kimataifa unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza ahadi ya deni. Deni linapelekwa kwa juji wa mambo ya madai. Ndiyo maana mara nyingi karatasi haiandikwi "deni", inaandikwa "utapeli" au "kuvunja uaminifu". Ndugu wa mdaiwa waangalie neno lililoandikwa pale juu, na waulize dalili zake ni zipi.

Wa pili ni mama aliyekamatwa kwa sababu mtoto wake amekimbia. Au mdogo mtu kwa ajili ya yaya wake. Jambo hili ni la zamani kiasi kwamba watu wengine wanalidhani ni sheria. Si sheria. Ibara ya 17 ya Katiba inasema kosa la jinai ni la mtu mwenyewe, na hakuna anayeweza kukamatwa wala kufungwa kwa tendo la mwingine. Hakuna "mpaka mtoto wako ajilete". Hakuna.

Basi familia ifanye nini mtu wake anapokamatwa hapa Kamina? Hatua si nyingi, lakini zinataka mtu mmoja wa familia azishike, asiwaachie watu kumi ambao kila mmoja anamtegemea mwenzake.

Aandike saa na siku ya kukamatwa. Iandikwe palepale, kwenye kitabu cha shule cha mtoto kama hakuna karatasi nyingine, maana saa 48 zinahesabiwa kutoka hapo. Aulize kwa adabu: OPJ ni nani, kosa lililoandikwa ni lipi. Mtu akihamishwa parke, aulize tarehe ya MAP na namba ya dosye. Bila namba ya dosye, kila ofisi itakutuma ofisi nyingine. Siku tano zikipita bila mtu kufikishwa kwa juji, sheria inampa yeye mwenyewe haki ya kumwomba juji amwachilie. Wasio na pesa ya avoka waulize baro, chama cha maavoka: ina ofisi ya ushauri wa bure, na kazi yake ni hiyo.

Juu ya dhamana, sikilizeni vizuri. Kumwachilia mtu kwa muda kunaweza kuambatana na dhamana ya pesa, na sheria inaikubali. Lakini pesa hiyo ina risiti, na mtu akifuata masharti hadi mwisho wa kesi, pesa inarudi kwake. Pesa inayodaiwa koridoni, isiyo na risiti, inayobadilika kulingana na viatu ulivyovaa, hiyo si dhamana. Kila mtu analijua jina lake.

Na mahakama ya amani, ile inayohukumu makosa yasiyozidi miaka mitano, je? Sheria ya Aprili 2013 juu ya mahakama inataka mahakama za amani ziwepo mijini na katika kila territwari. Kwa Kabongo, kwa Malemba-Nkulu, kwa Bukama na Kaniama, jambo hilo lina uzito kuliko hotuba, kwa sababu kila juji aliye karibu anapunguza watu wanaosafirishwa hadi Kamina na kuachwa huko bila mgeni. Na majuji wanaweza pia kutembea: kikao kinaweza kufanyika ndani ya gereza lenyewe, meza moja, viti vitatu, dosye zilizopangwa. Makala walifanya kwa mtu mmoja mkubwa, wakaweka na kamera za televisheni. Kwa kijana wa baiskeli, kamera si lazima.

Wasikilizaji, maswali yenu tutayapokea kama kawaida. Walioko mbali watumie ujumbe wa simu, walio mjini wapite mlangoni waache karatasi, na wasiandike jina la mtu aliye ndani. Waandike kosa na tarehe tu. Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza juu ya wanawake walioingia gerezani wakiwa na mtoto mchanga mgongoni.